Editha Alisoma Maelezo

Wanangu mnaosoma kompyuta, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Mwalimu wenu aliniomba nije darasani kuzungumza nanyi, nikamwambia goti langu la kushoto halitaki tena kusikia habari za pikipiki kutoka huku Rulenge, afadhali niandike. Akasema niandike juu ya mafanikio yangu. Hayo hayajazi hata ukurasa. Nitawaandikia juu ya udadisi, maana huo ninao mpaka leo, hata hapa kwenye migomba yangu.

Mimi ni Paskazia. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa mitambo katika kituo kidogo cha redio wilayani Ngara. Nilianza enzi za kaseti, tukiviringisha kanda kwa kalamu, nikastaafu wakati kila kitu kimehamia kwenye kompyuta. Watu hudhani fundi ni mtu anayejua. Wanangu, fundi ni mbea. Mbea wa kawaida hawezi kupita nyumba iliyofungwa mlango mchana bila kujiuliza kuna nini ndani. Mimi siwezi kupita mashine iliyonyamaza.

Umbea huu nilifundishwa na mzee Renatus, fundi redio wa Lusahunga. Kibanda chake kilikuwa pale njia panda, malori yaendayo Rusumo yanaposimama ili madereva wale ndizi na nyama. Wateja wake walikuwa hao madereva, na dereva wa lori hana subira hata kidogo. Lakini Renatus hakugusa redio ya mtu kabla ya kugusa mzoga. Mizoga ndivyo tulivyoziita redio za kuokota zilizojaa chini ya meza yake, nyingine zimekufa kabisa, nyingine bado zinakoroma kidogo. Dereva akileta redio, Renatus anachokoa mzoga wa aina ileile, anaujaribia lile analotaka kufanya, akiona halileti balaa ndipo anamgeukia mgonjwa mwenyewe.

Siku moja dereva alileta redio iliyoongea pale tu lori linapofunga breki. Mimi, binti mgeni kazini na mdomo mrefu, nikasema waya umelegea. Renatus akanisogezea mzoga uliokuwa bado unakoroma.

"Legeza waya huohuo hapa, tuone kama utaugua ugonjwa uleule."

Nikalegeza. Haukuugua. Tukajaribu hili na lile mpaka dereva akamaliza ndizi zake, akaagiza nyingine, akaanza kututukana kwa lugha ya kwao. Mwishowe tukagundua ni skrubu iliyodondoka ndani, lori likisimama inateleza mbele na kugusa panapotakiwa kugusana. Renatus alicheka mpaka akapaliwa. Hakunicheka mimi, aliicheka ile skrubu, kana kwamba imemfanyia utani mzuri. Nikaona kumbe mtu anaweza kukosea jibu na bado akafurahi, mradi amelijua la kweli.

Sasa niruke miaka yote katikati, maana mengi ni ya kubeba jenereta, niwaambie habari ya Editha na diski.

Kituo chetu kilikuwa kinarekodi wazee. Kihangaza, Kisubi, Kirundi, chochote mzee anachoongea nyumbani kwake. Tuliwauliza habari za kilimo, ngoma, uponyaji, ndoa za zamani, tukazirusha hewani jioni. Huku kwetu mtu mzima hajianzii tu kusema. Ukimwekea kinasa sauti, kwanza anajitambulisha: jina lake, la baba yake, la babu yake, ukoo, kilima alikozaliwa, kilima alikohamia, na kama wazazi wake walivuka mto kuja upande huu, anataja na mahali walipovukia. Hata kama wote mliokaa hapo mnamjua. Hasa kama mnamjua.

Mtangazaji wetu Deogratias alikuwa anaumwa na utambulisho huo.

"Mama Paskazia," aliniambia siku moja akitoa hedifoni, "huyu mzee nimemuuliza habari za mvua. Mpaka sasa ndio kwanza babu yake amezaliwa."

Kwa kipindi cha hewani alikuwa anazikata sehemu hizo zote, bila huruma. Rekodi zenyewe nzimanzima zilibaki kwenye diski ya nje, kasanduku keusi kadogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kompyuta zetu zilikuwa ndogo, hazibebi yote, kwa hiyo rekodi zikihamia kwenye diski tunazifuta kwenye kompyuta. Najua mnachotaka kusema. Ndiyo, nakala ya pili ilikuwa kwenye mipango. Kwenye mipango mlikuwa na vitu vingi sana.

Mmoja wa waliokuwa ndani ya kile kisanduku ni Gaudensia, mke wa mzee Laurenti wa Keza. Nilikwenda kwao mwenyewe pamoja na Deogratias, tukitafuta nyimbo za kubembelezea watoto. Katika wote tuliowarekodi, huyo mama ndiye aliyekataa kujitambulisha.

"Nijitambulishe kwa nani? Hapa ni kwangu," alisema huku akipepeta maharage. "Ninyi wageni ndio mseme mmetoka wapi."

Tukajitambulisha sisi, mpaka na babu zetu, naye akiitikia kwa kichwa kila tukitaja kilima. Alipotosheka ndipo akaruhusu tuwashe kinasa. Baada ya msimu mmoja nikasikia amefariki. Mzee Laurenti alikuja kituoni na kofia yake mkononi, akasema mwaka ukitimia watafanya misa ya kumbukumbu nyumbani, na angependa sauti ya mama Odetha isikike. Odetha ni binti yao wa kwanza. Odetha naye alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya mazishi, akampa jina la Gaudensia.

"Huyu mdogo hakubembelezwa na bibi yake," mzee alisema. "Nataka aimbiwe hata mara moja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sauti ipo, siku zikikaribia tutamwekea kwenye flashi. Alinishukuru kana kwamba nimeshampa.

Siku zilipoanza kukaribia, diski ikaanza kuwa nzito. Ukifungua faili, inakwama, inawaza, inaendelea. Nikajua kuna sehemu zimechakaa. Siku hiyo nilikuwa naondoka kwenda Biharamulo kuangalia mtambo wa kurushia, nikamwachia Editha aikague. Editha alikuwa binti kutoka Nyakahura, amehitimu kompyuta, hana muda mrefu kazini, na ni mtu wa kusoma. Huyo ukimpa soda anasoma kwanza maandishi ya kwenye chupa. Ndiyo maana nilimwachia yeye.

Niliporudi nilimkuta amekaa nje kando ya tenki la maji, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Mama, diski ya wazee ni tupu."

Kwa wale ambao hamjafika huko kwenye masomo, niwaeleze polepole. Diski mpya ni ghala lisilo na vichanja. Kabla ya kuweka kitu, kuna programu inayolipanga: inajenga vichanja, inaweka na orodha mlangoni ya kipi kiko wapi. Huko ndiko kuunda mfumo wa faili. Ukiitumia programu hiyo kwenye ghala lenye mazao, inajenga vichanja upya na kubandika orodha mpya isiyo na kitu. Programu yenyewe unaiamrisha kwa kuandika jina lake, na pembeni unaongeza herufi moja moja za kuielekeza ifanye hivi au vile. Kila herufi imeelezwa kwenye ukurasa wa maelezo. Editha alifungua ukurasa huo akakuta herufi moja imeelezwa hivi: hukagua diski kutafuta sehemu mbovu kabla ya kuunda mfumo wa faili, ukaguzi huu ni wa kusoma tu. Akaitumia.

Meneja wetu alikuwa mtu mwema aliyechoka. Siku hiyo uchovu ulimzidi wema.

"Vijana hamsomi! Mnabonyeza tu!"

"Nilisoma," Editha akasema.

"Ungesoma usingefuta."

Akamwambia aende nyumbani kwanza, ataitwa. Sote tulijua mtu akiambiwa ataitwa maana yake ni nini. Mimi nilikuwa na hasira, nisiwafiche. Nilimfikiria mzee Laurenti na kofia yake, nikataka kumfokea mtu. Lakini lile neno la Editha lilinikaa kichwani. Mtu aliyebonyeza ovyo husema samahani, husema sikujua. Huyu anasema nilisoma, na anasema hivyo huku analia. Sasa ilikuwaje mtu asome kisha afute? Umbea ukanipanda.

Nikamwambia asiondoke. Nikachomoa diski, nikaifungia kabatini, nikasema asiiguse mtu yeyote, hata kwa kuionea huruma. Hilo lishikeni, wanangu. Kitu kikifutika, jambo la kwanza ni kuondoa mikono. Kila unachofanya kwa papara unaweza kuwa unaandika juu ya kile unachokitafuta.

Kisha nikausoma ule ukurasa. Nikausoma tena. Sikuona kosa. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikaanza kudhani meneja yuko sahihi. Halafu nikashtuka kwamba mimi nasoma nikiwa tayari najua kinachotokea, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwao. Nikamwita Editha.

"Soma kwa sauti. Kila sentensi ukimaliza, niambie unafikiri mashine itafanya nini."

Akasoma. Alipofika pale akasema, "Hapa itakagua. Na imesema ni kusoma tu, kwa hiyo haitaandika kitu kwenye diski."

"Na hayo maneno, kabla ya kuunda mfumo?"

"Nilielewa ni ukaguzi wa kutangulia, mama. Mtu anakagua, anaona hali, halafu ndipo anaamua kama ataunda. Kama daktari anavyopima kabla ya kupasua. Hakupimi na kisu kikiwa kimeshaingia."

Ningekuwa sijui, hata mimi ningeelewa hivyo. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kule Lusahunga kutoamini jibu zuri kabla ya mzoga. Nikafungua droo ya flashi kuukuu, zile ambazo watu huzisahau kituoni, nikachagua moja, tukaweka nyimbo za kwaya. Tukaandika amri ileile, herufi ileile, tukabonyeza.

Programu ikauliza swali: humu tayari kuna mfumo wa faili, niendelee?

"Hapo mimi nilijibu ndiyo," Editha akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua kuna mfumo. Ndio niliotaka ukaguliwe."

Nikacheka, Mungu anisamehe, naye akanitazama kwa uchungu. Nilichekea ule mtego jinsi ulivyokaa vizuri. Hata onyo lenyewe, kwa mtu aliyeusoma ukurasa ule, lilikuwa linamthibitishia kwamba yuko sawa. Tukajibu ndiyo. Ikaanza kukagua, ikisoma tu, kweli kabisa, haikudanganya. Ilipofika mwisho wa kukagua haikuuliza chochote tena. Ikaunda. Kwaya ikaisha.

Kwa hiyo ukurasa ulisema kweli juu ya ukaguzi, ukanyamaza juu ya kinachofuata. Aliyeandika hakuona haja, maana kwake yeye programu ya kuunda ni ya kuunda, nani angeiita kwa ajili ya kupima tu? Ila kule kwenye ukurasa haikuandikwa kwamba kuna programu nyingine, ya kukagua peke yake bila kuunda. Ipo. Editha hakuonyeshwa mlango wake.

Meneja nilimwita aone kwa macho yake. Alisimama, akatazama flashi ya pili ikiisha kama ya kwanza, akakohoa. Akamwambia Editha, "Kaa," akaenda zake. Kwa meneja wetu hilo lilikuwa ombi refu la msamaha.

Lakini diski bado ilikuwa tupu, na Keza walikuwa wanaandaa misa. Nikarudi kwenye umbea. Kama ghala limejengwa vichanja upya kwa muda mfupi vile, mazao yote yameenda wapi? Tukachukua flashi nyingine, tukaichungulia sehemu baada ya sehemu kabla ya kuunda, kisha tukaichungulia tena baada ya kuunda. Wanangu, siku ile nilijiona binti tena. Orodha ya mlangoni ilikuwa mpya. Baadhi ya vichanja vilikuwa vimeandikwa upya. Lakini mazao, karibu yote, yalikuwa palepale chini, hayana wa kuyataja. Editha alinishika mkono akaniumiza.

Diski ya wazee tuliinakili yote ilivyo, na utupu wake, kwenye diski nyingine tuliyoazima, tukafanya kazi kwenye nakala. Kuna programu inayopita sakafuni ikiokota chochote chenye sura ya faili la sauti. Tuliiacha ipite. Ilirudi na mamia ya vipande, vingine vizima, vingine vimekatika katikati ya neno, na hakuna hata kimoja chenye jina. Majina yalikuwa kwenye ile orodha ya mlangoni. Vipande vilikuwa na namba tu.

Hapo ndipo Deogratias alipovaa hedifoni akiwa na sura ya mtu aliyehukumiwa. Akabonyeza cha kwanza. Akasikiliza. Uso ukabadilika.

"Mimi ni Stanslausi," akarudia kwa sauti alichokuwa anasikia, "mwana wa Mikaeli, mwana wa... Mama Paskazia! Anajitambulisha!"

Walikuwa wanajitambulisha wote. Kila mzee alikuwa amefunga jina lake ndani ya sauti yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna programu ya kuunda ingeweza kulibandua. Deogratias aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine, akiandika majina, na mzee mmoja alipofupisha akataja baba tu bila babu, mtangazaji wangu huyu akafoka, "Na ukoo? Mzee, na ukoo?"

Wote walipatikana isipokuwa yule aliyesema hapa ni kwangu.

Tulibaki na rundo la vipande vilivyokatika, vya wanawake wanaoimba bila utambulisho. Nyimbo za kubembeleza zinafanana, kila mtu anaimba chini-chini, na mpaka sasa sijui kwa nini sikumtambua, mimi niliyekaa naye na kula maharage yake. Tungeweza kubahatisha. Deogratias alipendekeza hivyo, kwamba tuchague wimbo mzuri, mzee hataona tofauti. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Nikamwita mzee Laurenti. Alikuja kwa pikipiki kutoka Keza, amevaa koti la kanisani. Tulipomwamkia, Editha ndiye aliyesema yote kabla sijafungua mdomo: kwamba ni yeye, kwamba alitaka kukagua, kwamba ilifutika. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe binti, baba yako nani?"

"Fransisi."

"Na babu?"

"Leonidas."

"Wa Nyakahura. Kilima kipi?"

Akakitaja. Mzee akaitikia kwa kichwa, akageukia spika. Editha alinong'ona kwangu, "Ataenda kunishitaki kwa baba." Mimi nami niliamini hivyo.

Tukaanza kumchezea vipande kwenye spika. Wa kwanza, akasema siye. Wa pili, siye, huyu ana kikohozi. Kingine akakifikiria, akaomba kirudiwe, akasema hapana, mama Odetha harefushi hapo. Rundo lilikuwa linapungua na mimi nilikuwa nimeanza kusali. Kikaja kipande ambacho mwanzoni hakikuwa na wimbo. Walisikika kuku. Kisha mwanamke akasema kwa Kihangaza, kwa sauti ya mtu anayelisema jambo hilo kila siku ya Mungu:

"Baba Odetha! Mbuzi huyo anakula waya wa wageni!"

Mzee Laurenti akasimama. Akatafuta fimbo yake, akaishika, akasema, "Ninakuja."

Na kwenye spika sauti ya mwanamume, yake mwenyewe, ikasema vilevile.

Akabaki katikati ya chumba na fimbo yake, hana mbuzi wa kufukuza. Wimbo ukaanza. Hakuna aliyezima. Mimi nililia, Deogratias alitoka nje akasema anaangalia jenereta, na jenereta ilikuwa haijawashwa.

Alipokaa tena alifuta uso, halafu akauliza swali ambalo sisi watatu wa redio tulikuwa hatujajiuliza.

"Hayo maelezo aliyosoma huyu binti, bado yako hivyohivyo?"

"Bado, mzee."

"Na mwingine huko aliko akiyasoma?"

Nikamwambia atafanya alivyofanya Editha.

"Basi yarekebisheni," akasema, kana kwamba ni shimo mbele ya nyumba yetu.

Programu za namna hiyo hutunzwa na watu waliotawanyika duniani, wengi kwa kujitolea, na milango yao iko wazi ukibisha kwa adabu. Editha aliwaandikia. Wakajibu upesi: maelezo ni sahihi, ukaguzi ni wa kusoma tu. Nilikasirika, nikataka nijibu mimi. Editha akasema, "Mama, hawa wanasoma kama ulivyosoma wewe siku ya kwanza." Akawaeleza tulivyofanya: mpeni ukurasa mtu asiyeijua programu, mwambieni asome kwa sauti, mwulizeni itatokea nini. Siku zikapita. Kisha mmoja wao akaandika kwamba amempa mke wake asome, na mke amesema hakuna kitakachofutika. Nilimpenda mtu yule nisiyemjua. Naye alikuwa amepata mzoga wa kujaribia, ingawa sidhani alimwambia mkewe neno hilo.

Sentensi aliyopendekeza Editha imo kwenye ukurasa ule sasa. Haina mapambo: ukaguzi ukimalizika mfumo mpya huundwa na vilivyokuwamo kwenye diski hupotea, kama unataka kukagua tu, tumia programu ya kukagua, na jina lake likatajwa. Jina la Editha halipo hapo. Wengi watapita juu ya sentensi hiyo bila kujua imewaepusha na nini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya misa Editha hakutaka kwenda. Nilimburuta. Kule Keza akajificha kwa akina mama waliokuwa wanamenya ndizi, akashika kisu akamenya kuliko wote. Padri alipomaliza, watu wakakaa kwenye mabenchi uani, spika ikawekwa juu ya kiti, kompyuta yetu kando yake. Odetha alikuwa mbele na mtoto mapajani. Mzee Laurenti akasimama, akatazama huku na huku, akauliza yule binti wa redio yuko wapi. Ikabidi atoke, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

Mzee akamshika bega, akamgeuza awaelekee watu.

"Huyu ni Editha," akasema, "binti wa Fransisi, mwana wa Leonidas, wa Nyakahura." Akataja na kilima, hakukosea. "Mama Odetha alipotea mikononi mwake. Huyuhuyu ndiye aliyemtafuta mpaka akamrudisha."

Mtu mmoja upande wa wazee aliitikia kwa kuguna, kama wanavyofanya mgeni akishatambulishwa ipasavyo na sasa anajulikana ni wa nani. Editha alikuwa anatazama kompyuta na hasogei. Tangu siku ile ya diski alikuwa hajabonyeza kitu bila mimi kusimama nyuma yake.

Mzee akamsogezea kiti.

"Haya mwanangu," akasema, "bonyeza."